Nani Akae Kando ya Kitenzi?

Leo, katika mazungumzo yetu ya lugha hapa redioni, tutatoka kidogo nje ya boma letu. Kwa kawaida tunazungumzia Kiswahili; leo nataka tukizungumzie Kiingereza, lakini kwa Kiswahili, tukiwa tumetulia, bila mwalimu mwenye kiboko. Na katika Kiingereza chenyewe nimechagua kipande kimoja tu: ni nini kinachofuata kitenzi, na kinakaa wapi?

Najua kuna anayesema, "Ah, sarufi tena!" Usibadilishe stesheni, ndugu yangu. Sarufi ninayoizungumzia unaipita kila siku barabarani.

Dereva wa Tanzania akikuelekeza njia atakuambia, "Ukifika kipilefti cha pili, kata kulia." Kipilefti kimoja, vipilefti viwili. Limekwishakuwa neno letu, lina ngeli yake na wingi wake. Lakini asili yake ni kibao kilichosimikwa kwenye mzunguko wa barabara, chenye maneno mawili ya kuamuru: "Keep left." Baki kushoto. Sisi tukaichukua amri nzima tukaifanya jina la mahali, na wala sioni ubaya. Ninachotaka mkisikie ni mpangilio wake. Neno la kwanza, "keep", ni kitenzi. La pili, "left", linaeleza upande wa kubaki. Hapo ni kielezi. Kitenzi, halafu kielezi. Hakuna "to", hakuna "on", hakuna kitu katikati.

Sasa chukua tangazo jingine. Ukipanda treni za chini ya ardhi kule London, spika zitakuonya: "Mind the gap." Angalia ule mwanya kati ya treni na jukwaa. "Mind" ni kitenzi. Kinachofuata, "the gap", si kielezi. Ni jina la kitu pamoja na kijineno chake cha mbele. Shuleni tuliliita fungu hilo kirai nomino. Kirai hicho kinataja kile kinachotendwa, yaani yambwa. Wengine mlifundishwa kukiita shamirisho. Jina lolote litafaa leo.

Kwa hiyo tuna majirani wawili wa kitenzi. Kuna kielezi, kama "left", na kuna kirai nomino, kama "the gap". Kila mmoja akija peke yake hakuna ugomvi. Ugomvi huanza wanapokuja wote wawili. Nani akae karibu na kitenzi?

Sikilizeni sentensi tatu za Kiswahili safi. "Napenda sana chai." "Dada anazungumza vizuri Kiingereza." "Nilimwona jana mwalimu wako." Kuna kosa? Hakuna. Hata bibi yangu angezisema hivyo hivyo. Sasa tuzihamishe neno kwa neno. "I like very much tea." "My sister speaks well English." "I saw yesterday your teacher." Maneno yote ni ya Kiingereza, tahajia ni sahihi, nyakati ni sahihi, na bado kila sentensi inalikwaruza sikio la mwenye lugha. Yeye angesema: "I like tea very much." "My sister speaks English well." "I saw your teacher yesterday."

Mmesikia tofauti? Narudia ile ya kwanza polepole. Sisi: napenda, sana, chai. Wao: like, tea, very much. Kielezi kimesukumwa nyuma, na yambwa imesogea mbele ikakaa kando ya kitenzi.

Hebu fikirieni ukumbi wa harusi. Pale jukwaani wameketi bwana harusi na bibi harusi, bega kwa bega. Shangazi anakaribishwa, wajomba wanakaribishwa, wapiga picha wanazunguka wanavyotaka. Lakini hakuna mgeni anayebeba kiti chake akaketi katikati ya maharusi. Katika Kiingereza kitenzi na yambwa ndio maharusi. Kielezi ni mgeni mwenye heshima zake zote: anaweza kukaa upande wa kushoto, "I really like tea", au upande wa kulia, "I like tea very much". Katikati haketi.

Mtaniuliza: kwa nini wao wawe wakali hivyo, na sisi tuwe wapole? Swali zuri, na jibu lake lina historia ndefu kidogo.

Sisi Waswahili tuna bahati ya viambishi. Tazama: "Mtoto amekivunja kikombe." Geuza: "Kikombe amekivunja mtoto." Geuza tena: "Kikombe, mtoto amekivunja." Mkazo unabadilika, lakini hakuna anayedhani kikombe ndicho kilichomvunja mtoto. Kwa nini? Kwa sababu kitenzi chenyewe kimebeba taarifa. Ile "a" ya mwanzo inamtaja mtoto, ile "ki" ya katikati inakitaja kikombe. Maneno yanaweza kutembea kwa sababu kila moja limeacha alama yake ndani ya kitenzi.

Kiingereza nacho kiliwahi kuwa na alama, ila kilizining'iniza kwenye majina na vijineno vyake. Zama za Mfalme Alfred, aliyekufa mwaka 899, Mwingereza hakuwa na "the" moja ya kila mahali kama leo. Mfalme akiwa mtenda angesema "se cyning"; mfalme huyo huyo akitendwa angesema "thone cyning". Ukisikia "se" unajua huyu anafanya. Ukisikia "thone" unajua huyu anafanyiwa, hata akitangulia mwanzoni mwa sentensi. Karne zikapita. Silabi za mwisho, ile mikia ya maneno, ambazo hazikupewa mkazo, zikafifia midomoni. Kaskazini mwa Uingereza walikuwa wamekwishakaa watu wa Skandinavia na lugha yao ya jirani. Ikaja mwaka 1066 dola ya Wanormani waliozungumza Kifaransa. Mikia ile ikaendelea kudondoka. Ilipokwisha, ni nini kilichobaki cha kumtofautisha mtenda na mtendwa? Kiti. Nafasi ya kukaa, basi. "The dog bit the child", mbwa kamng'ata mtoto. "The child bit the dog", mtoto kamng'ata mbwa. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile. Kilichobadilika ni viti.

Hapo msikilizaji wa Lubumbashi au Bukavu, aliyesoma kwa Kifaransa, amekwishainua mkono. Atasema, "Mwalimu, mbona Wafaransa nao walipoteza mikia waliyorithi kutoka Kilatini, na bado husema 'J'aime beaucoup le thé'? Napenda sana chai, vile vile kama sisi!" Ni kweli kabisa, na ndiyo maana Mfaransa anayejifunza Kiingereza huanguka kwenye shimo hili hili tunaloanguka sisi. Kwa hiyo kupotea kwa mikia hakujibu swali lote. Kunaeleza kwa nini viti vina uzito katika Kiingereza. Hakuelezi kwa nini kielezi kikatazwe kiti kile hasa.

Wataalamu wa isimu hulieleza hivi. Katika Kifaransa kitenzi hupiga hatua mbele, kinakiruka kielezi na kukiacha nyuma yake: nanywa, mara nyingi, chai. Katika Kiingereza cha leo kitenzi kikuu hakipigi hatua hiyo. Kinabaki pale pale kando ya yambwa yake, na kielezi cha namna hiyo kinabaki mbele: "I often drink tea." Na Kiingereza hakikuwa hivyo daima. Zama za Shakespeare, aliyefariki 1616, mtu aliweza kusema "I know not", kitenzi kikiwa mbele ya "not". Baadaye mtindo huo ukachakaa. Leo ni "I do not know", na ile "do" imeajiriwa kufanya kazi ambayo kitenzi kikuu kimeikataa. Wanafunzi wetu huichukia sana ile "do". Mimi naionea huruma: imeitwa kibarua bila hata kupewa maana ya kwake.

Tumeelewana hapo? Kitenzi na yambwa bega kwa bega, kielezi pembeni. Sasa niwaongezee jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Yambwa ikiwa ndefu mno, amri inalegea. Sikilizeni: "They examined carefully every boat that had come in that night." Walikagua kwa makini kila mashua iliyoingia usiku ule. Kielezi "carefully" kimeketi katikati, na hakuna Mwingereza atakayelalamika, kwa sababu yambwa yenyewe ni msafara mzima. Ukikingoja kielezi hadi msafara upite utakuwa umesahau kinaeleza nini. Lakini fupisha yambwa iwe "it", halafu ujaribu kusema "They examined carefully it." Hapana. Haiwezekani hata kwa dawa. Mjerumani mmoja, Otto Behaghel, aliliandika jambo hili mwaka 1909: vipande virefu vya sentensi huelekea kukaa mwisho. Nasi tunafanya hivyo hivyo bila kufundishwa.

Wasikilizaji wapenzi, hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza. Sasa tuingie kwenye chumba ninachokipenda zaidi.

Nimesema kuna kielezi na kuna kirai nomino. Je, kirai nomino kinaweza kufanya kazi ya kielezi? Nisikilizeni vizuri, nitasema sentensi mbili. Ya kwanza: "Juma ate the whole fish." Ya pili: "Juma ate the whole day." Narudia. Juma ate the whole fish. Juma ate the whole day. Kwa sikio, ni ndugu wa tumbo moja. Kitenzi ni kimoja, na baada yake kuna kirai nomino chenye "the" na "whole" na jina. Lakini katika ile ya kwanza Juma amemla samaki mzima, na katika ya pili Juma amekula siku nzima, asubuhi mpaka jioni, na kilichoingia tumboni hatukuambiwa. Samaki ameliwa. Siku haikuliwa.

Tutajuaje basi, kwa kuwa umbo halitusaidii? Kuna majaribio ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafanya. Uliza swali. Juma alikula nini? Samaki mzima. Alikula kwa muda gani? Siku nzima. Au weka "it": "Juma ate it." Hiyo "it" inaweza kuwa samaki, siku haiwezi kuwa. Au igeuze sentensi iwe ya kutendwa: "The whole fish was eaten", sawa, "the whole day was eaten", watu watakucheka. Na kwa Kiswahili chetu jaribio ni rahisi kuliko yote, maana kiambishi kinatoboa siri. "Samaki mzima, Juma amemla." Sawa. "Siku nzima, Juma ameila." Ee! Ameila siku? Hapo hata asiyejua sarufi anasimama.

Ninapenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba Kiingereza na Kiswahili, pamoja na umbali wake, hapa vinafanana. Sisi husema "amelala siku nzima", "tulitembea maili mbili", "ngoja dakika moja". Jina limesimama peke yake na kufanya kazi ya kielezi, halikuomba kihusishi. Wao nao: "slept the whole day", "walked two miles", "wait a minute". Ukifuata Kiswahili chako hapo, hukosei.

Unakosea wapi? Unakosea pale unapodhani kila jina la wakati lazima lishikwe mkono na kihusishi. Mwalimu alikufundisha "on Monday", vizuri sana. Nawe ukaendelea na "on last Monday", "on next Monday", "on every Monday". Hizo nimezisoma kwenye barua za ofisini, zenye mhuri na sahihi. Yakija maneno kama "last", "next", "every" au "this", ile "on" inaondoka: "We met last Monday." "We meet every Monday." Hata "this morning" hailitaki "in", ingawa "in the morning" inalitaka. Wamarekani wamekwenda mbali zaidi. Wao huagana "See you Monday", bila kihusishi chochote, na siku inafika vile vile.

Tukitoka kwenye wakati tuje kwenye mahali. Neno "home" limewatesa watu. Tunasema "go to school", "go to town", "go to Dodoma", basi mwanafunzi mwenye akili anakamilisha mwenyewe: "go to home". Akili yake ni nzuri, lugha ndiyo yenye visa. Zamani zile za mikia, Kiingereza kiliruhusu jina liwekwe katika hali ya kutendwa, na kwa hali hiyo peke yake lionyeshe mtu anaelekea wapi. Desturi ikafa kwa majina mengi. Kwa "home" ikabaki. Kwa hiyo "go home" ni mabaki ya kale yaliyosahauliwa mlangoni, nasi tunayakanyaga kila jioni tukirudi kazini. Nesi anayefanya kazi za usiku naye, "She works nights", ana mabaki yake: ile "s" ya mwisho ilianza zamani kama mkia wa umilikishi, na maana yake ilikuwa "wakati wa usiku". Na mkumbuke majirani wa "home" wasiotaka "to": "go there", "come here", "go abroad", "go upstairs". "Amekwenda ng'ambo" ni "He has gone abroad". Si "to abroad".

Kuhusu mpangilio wa vielezi vingi kwa pamoja, yaani namna, mahali na wakati, sitakaa sana. Mara nyingi hufuatana hivyo: "She worked quietly at home yesterday." Kitenzi kikiwa cha mwendo, mahali hutangulia: "He went home quietly." Hilo sikio litalizoea lenyewe ukisikiliza watu.

Ninalotaka kugombana nalo ni lile somo la mkia wa "-ly". Nchi nzima imefundishwa: chukua sifa, ongeza "-ly", umepata kielezi. "Slow", "slowly". "Quick", "quickly". Ni kweli nusu. "Friendly" ina mkia huo na bado ni sifa. Na "hard"? Kijana anaandikiwa barua ya mapendekezo ya kazi, na mkubwa wake, kwa nia njema kabisa, anaandika: "He works hardly." Alitaka kusema kijana ana bidii. Alichokaribia kumwambia mwajiri ni kwamba kijana hafanyi kazi kamwe. "He works hard", ana bidii. "He hardly works", ni mvivu. Neno la kwanza limekaa nyuma ya kitenzi, la pili mbele yake, na maana zimetupana kama mashariki na magharibi.

Tena "hard" si neno lililosahau kuvaa mkia. Kiingereza cha kale kilikuwa na mkia mwingine wa vielezi, "e" tu ya mwishoni. Ulipodondoka, kielezi kikabaki kinafanana na sifa: "hard" na "hard", "fast" na "fast". Kwa hiyo anayesema "go slow" hajavunja lugha, ingawa wapo walimu watakaomkata maksi.

Mwaka 1997 kampuni ya Apple ilitoa tangazo la maneno mawili: "Think Different." Watu wakapiga kelele. Wakasema kitenzi "think" kinahitaji kielezi, basi ingekuwa "differently". Steve Jobs, aliyekuwa amerudi kuiongoza kampuni, alishikilia msimamo wake: kwake "different" ilisimama pale kama nomino. Alitaka tusikie kama mtu anayesema fikiria ushindi, fikiria uzuri. Mmeona, wasikilizaji? Ubishi wote ule wa wenye lugha yao wenyewe ulikuwa juu ya swali letu la leo: kile kinachofuata kitenzi ni kielezi au ni jina? Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobishaniwa ni kazi yake kwenye kile kiti. Mimi naona Jobs alishinda, kwa sababu "think differently" ni ushauri wa mwalimu wa zamu. "Think different" inakusimamisha.

Nani basi anayeweza kutusaidia na mambo haya? Wengi wenu mlisoma mkiwa na kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi wa juu. Mwanzilishi wake ni Mwingereza A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha. Sasa fikirieni: Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi. Mwanafunzi wake akimaliza kitenzi amemaliza sentensi. Na huyu bwana anawafundisha lugha ambayo kitenzi kikishatamkwa ndipo shughuli inapoanza! Kamusi aliyoitunga na wenzake ilitoka Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford wakaitoa kwa ulimwengu. Hazina yake kubwa, kwa maoni yangu, haikuwa maana za maneno. Ilikuwa kwamba kila kitenzi kimeelezwa kinakubali kufuatwa na nini. Alivipanga katika mifumo 25, na wanafunzi wengi waliuruka ukurasa ule kwa sababu ulifanana na hesabu.

Walikosa mengi. Chukueni "put". Kwa Kiswahili naweza kukuambia "Weka kitabu", ukaweka. Kwa Kiingereza "Put the book" imekatika, kama mtu aliyekatiwa simu. Lazima useme wapi: "Put the book there." Au chukueni "treat". "She treated him well", alimtendea vema. Ondoa kielezi: "She treated him." Sasa imekuwa alimtibu, au labda alimnunulia chakula. Kielezi kidogo cha mwisho kimeondoka na maana ya kitenzi mfukoni.

Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu, na nitalirudia hata mnichoke: msimpe mtoto kitenzi kikavu. Mpeni pamoja na majirani zake. Asijifunze "put", ajifunze "put something somewhere". Asijifunze "like" halafu "very much" katika somo jingine la mwezi ujao; ajifunze "like it very much", kwa mpigo mmoja wa ulimi.

Kabla muda haujaniishia, nina deni. Nilisema hakuna akaaye katikati ya maharusi, na najua yupo msikilizaji mjanja aliyekwishaandaa ujumbe: "Na 'switch off the light' je?" Zima taa. Hapo "off" iko katikati kabisa ya kitenzi na yambwa! Kweli. Lakini huyo si mgeni, ni mpambe; alikuja na bwana harusi tangu nyumbani. "Switch" na "off" kwa pamoja ndiyo maana ya kuzima. Kwa hiyo anaruhusiwa: "switch off the light". Au atoke asogee pembeni: "switch the light off". Zote mbili sawa. Lakini yambwa ikiwa kijineno kidogo kama "it", haikubali hata mpambe: "switch it off". Kamwe si "switch off it". Huko mitaani kwetu wengine wameamua kumfanya mpambe awe bwana harusi mwenyewe, utasikia "off the light", na taa inazimika. Nairobi nako mtu hukuambia "I'll pick you at five", nitakupitia saa kumi na moja, bila "up". Nairobi utaelewana na kila mtu. Ukimwandikia mgeni anayetua kutoka Manchester, mwongezee "up" yake, "pick you up", asije akadhani umemchagua kwa ajili ya jambo fulani.

Nawaachia kazi moja ya wiki hii. Sikilizeni sentensi tatu, nitazisema mara mbili. "She painted the house quickly." "She painted the house last year." "She painted the house red." Tena: quickly, last year, red. Zote zina kitenzi, zote zina nyumba bega kwa bega na kitenzi, na zote zina kitu cha ziada mwishoni. Cha kwanza ni kielezi, cha pili ni kirai nomino kinachofanya kazi ya kielezi, hayo tumeyamaliza. Je, ile "red" inaeleza kupaka, au inaeleza nyumba? Na ikiwa ni nyumba, imekaa kule mwisho kufanya nini? Walio shuleni waulizeni walimu, walimu waulizeni wanafunzi. Tuandikieni majibu kwa anwani ile ile ya kipindi, na wiki ijayo, tukijaaliwa, nitaanzia hapo hapo kwenye nyumba nyekundu.